Hema Lililokataa Kuchanika

Nikisema sikujua kwamba nitamkuta kule kisiwani nitakuwa nadanganya, na kwa yaliyonipata sina tena nguvu za kudanganya. Nilijua. Siku chache kabla, mteja mmoja alileta mwavuli mkubwa wa hotelini ubadilishwe kitambaa, akawa anapiga soga wakati mimi nashona. Akasema wahesabu kasa wako kwenye kile kisiwa kidogo mwezi huu mzima, na mkubwa wao ni kituko, anaandika kwenye daftari hata idadi ya kaa wanaopita mbele ya hema lake. Nusura sindano ya cherehani inichome kidole. Jioni ile ile nikamwomba likizo mama yangu, ambaye ndiye mwenye karakana ya mahema na ndiye bosi wangu.

"Likizo ya kwenda wapi?" mama aliuliza.

"Kupumzika. Nataka nikapige kambi kisiwani, usiku mmoja tu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Mama alivua miwani akaniangalia kama anavyoangalia mshono ulioenda kombo. "Mwanamke mzima uende ukalale kwenye hema peke yako, na Jumapili wageni wanakuja kuchukua jibu?"

"Ijumaa naenda, Jumamosi narudi."

"Miaka yote hii hujawahi kutaka kulala kwenye hema."

"Ndiyo maana nataka sasa."

Hilo angalau lilikuwa kweli. Nimeshona mahema miaka kumi na miwili, ya sherehe, ya misiba, ya wapanda milima, na sikuwahi kulala ndani ya hata moja. Mama akaguna, akarudi kukata turubai. Kwake yeye kuguna ni ruhusa.

Wageni wenyewe walikuwa wajomba wa mwalimu mmoja aliyeniposa. Mwalimu ni mtu mzuri, sina la kumsema. Alifiwa na mke miaka mitatu iliyopita, anafundisha hesabu, na mara zote tatu alizokuja nyumbani aliketi sebuleni magoti yamebanana, akasifu chai, akaniuliza kama kazi ya kushona hainiumizi mgongo. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuniuliza habari za mgongo wangu. Niliomba mwezi mmoja wa kufikiri, na mwezi ulikuwa unaishia Jumapili. Kabla sijatoa jibu nilitaka kujua jambo moja tu: kwa nini Karani hakujibu barua yangu, na kama kwake bado kuna nafasi yangu.

Karani ni mimi niliyempa jina hilo. Miaka saba nyuma alikuja karakana na hema lililopasuka na daftari mkononi, na kila nilichomwambia alikiandika. Nikamwambia zipu imekufa, akaandika. Nikamwambia ana masizi puani, akaandika pia, ndipo akagundua kwamba namtania, akacheka mpaka mama akachungulia kutoka stoo. Nilimpenda palepale. Mwaka mzima tulipendana, na mwaka ulipoisha akaja nyumbani kwa heshima zote, na kaka yake mkubwa, kuniposa.

Mama hakumtaka. "Mtu anayelala nje miezi tisa kwa mwaka," alisema, "binti yangu atamlaza wapi?" Baba mdogo akadakia, shangazi akatikisa kichwa. Halafu wakafanya jambo ambalo sikulitegemea: wakaniuliza. Mbele yake, mbele ya kaka yake, chai ikiwa mezani, baba mdogo akanigeukia akasema, "Haya, mwenyewe unasemaje?" Na mimi ambaye siku zote mdomo wangu haufungwi, nikaangalia zulia nikasema, "Mkisema nyie hapana, basi ni hapana."

Karani aliweka kikombe chini taratibu. Akasema asante kwa chai. Wala hakuniangalia.

Hema jipya alilokuwa ameagiza lilikuwa bado juu ya cherehani yangu. Nililishona siku nane. Kila mshono niliupitisha mara mbili, kwenye pembe mara nne, na matundu ya sindano nikayaziba kwa nta moja baada ya jingine. Siku alipokuja kulichukua, mama alisimama kaunta mwenyewe, hapakuwa na nafasi hata ya kunong'ona. Lakini kila hema letu linatoka na kifuko cha viraka kilichoshonewa pembeni kwa ndani, chenye sindano, uzi na vipande vya turubai, na humo ndimo nilimotia barua. Niliandika kwamba nilisema vile kwa woga, kwamba namtaka, na kwamba niko tayari kulala nje naye miezi yote kumi na miwili. Nikamwambia nitamsubiri, na nikaweka tarehe ya mwisho ili asije akazembea.

Hakujibu. Nilingoja, nikavimba kwa hasira, nikangoja tena. Nilimpigia simu? Sikumpigia. Mimi ndiye niliyemkana mbele ya watu, halafu nikakaa kitako nikisubiri yeye ndiye anitafute.

Boti ya injini ilinishusha kisiwani saa tisa alasiri pamoja na madumu ya maji. Aliyenipokea alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia ya kijani na filimbi shingoni, mlinzi wa kisiwa, ambaye kila mtu anamwita Mama Filimbi.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza, akichungulia nyuma yangu.

"Sina mwenzangu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huna, au mmegombana njiani?"

"Sina kabisa."

"Haya. Hapa wanaokuja wawili wawili wanagombana kusimika hema mpaka jua linazama. Wewe sijui utagombana na nani." Akaanza kutembea nami mchangani, akinionyesha kwa kidole. "Sheria zangu ni tatu. Hema linakaa nyuma ya kamba ile. Moto ni upande wa miti ile ya mivinje tu. Na jua likizama hakuna tochi wala simu ufukweni, kasa wakiona mwanga wanageuza. Ukiwasha, napuliza. Nikipuliza, kisiwa kizima kinajua ni wewe."

"Na wahesabu kasa wanakaa wapi?" niliuliza.

"Amebaki mmoja. Wenzake jana wamepelekwa mjini na homa. Hema lake lile kule mwisho."

Hakuwa na haja ya kunionyesha. Lilikuwa limesimama chini ya mvinje, la kijivu, limepauka kwa jua, na mishono yake imenyooka vilevile kama siku lilipotoka mezani kwangu. Mtu hawezi kuukosea mkono wake mwenyewe.

Nikajitia hamnazo, nikaenda kusimika langu. Hapo ndipo niliaibika. Kila kigingi nilichopigilia kilisimama sekunde mbili, kikalala. Nikapigilia tena, kikang'oka na kamba yake, hema likanifunika kichwa. Nilikuwa bado napambana na turubai nililolikata kwa mikono yangu mwenyewe niliposikia sauti nyuma yangu.

"Kigingi cha mchangani kinalazwa, Fundi. Unakifukia kimelala, hukipigilii."

Nikatoa kichwa. Alikuwa amesimama na daftari kwapani. Mvi mbili tatu juu ya masikio, ngozi imeiva kwa jua, macho yaleyale. Yaliniangalia usoni, yakashuka mikononi mwangu, yakarudi usoni yakatulia.

"Karani," nikasema.

"Muda mrefu sijaitwa hivyo."

"Na mimi muda mrefu sijafundishwa kazi yangu."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akapiga magoti, akaanza kunichimbia mashimo ya vigingi. "Umekuja kukagua lile?" aliuliza, akilielekezea hema lake kidevu. "Likague. Miaka sita, visiwa kumi na kimoja, dhoruba mbili, na mbuzi mmoja aliyetaka kulila. Halijachanika popote."

"Popote?"

"Hata uzi mmoja haujaachia."

Nilijivuna, Mungu anisamehe. Nilijivuna kabla sijaelewa alichoniambia.

Tulifukia vigingi vinane. Mara moja mikono yetu iligusana ndani ya mchanga, na yeye ndiye aliyeutoa wake kwanza. Alipomaliza akasimama, akajipangusa, akatazama bahari badala ya kunitazama mimi.

"Jua likizama nakaa pale kwenye gogo nikisubiri kasa. Ukipenda, njoo. Tochi uiache."

Nilikula mayai yangu mawili ya kuchemsha na kipande cha mkate, ingawa sikujua nakula nini. Giza lilipoingia nikaenda kwenye gogo. Tuliketi tukiacha kati yetu nafasi ya mtu wa tatu.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Bado anaikagua dunia nzima kwa juu ya miwani."

"Na wewe?"

Nikapiga moyo konde. "Karani, mimi sikuja kupumzika. Nimekuja kukuuliza. Barua yangu uliisoma?"

Alilifunga daftari lake kwanza.

"Niliisoma."

"Na ukanyamaza."

"Unajua niliisoma lini?"

"Siku ulipochukua hema, au kesho yake. Mtu akipewa kitu kipya si anakikagua? Anavuta kila kamba, anafungua kila mfuko..."

"Wewe ndiye unayefungua kila mfuko, Fundi. Sisi wengine tunasimika hema, tunalala." Akanigeukia. "Hebu niambie, mtu anafungua lini kifuko cha viraka?"

Nikajibu kama mwanafunzi. "Hema likichanika."

"Na lile limechanika?"

Niliyakumbuka matundu yale ya sindano, moja moja, na nta iliyonikauka kwenye kucha.

"Nilikifungua mwishoni mwa mwaka wa pili," alisema. "Wala hakikuwa kwa ajili yangu. Mwenzangu mmoja wa kazini, hema lake la dukani lilipasuka usiku wa mvua. Nikamwambia mimi nina sindano na uzi, vipo tu, sijawahi kuvigusa. Nikaingiza mkono, nikatoa karatasi."

"Mwaka wa pili," nikasema. Nilikuwa nalia bila sauti, na nilishukuru kwamba tochi hairuhusiwi. Miaka yote ile nilimlaumu kwa kiburi, kumbe kosa lilikuwa kwenye sifa yangu. Ningekuwa mvivu siku moja tu. Ningeruka mshono mmoja, pembe moja, mvua ya kwanza ingeingia, naye angeingiza mkono wake humo kabla ya mwezi kuisha. "Sawa. Uliisoma mwaka wa pili. Kwa nini hukuja mwaka wa pili?"

"Uliandika tarehe."

"Tarehe gani?"

"Tarehe thelathini mwezi wa sita. Uliandika, nikinyamaza mpaka siku hiyo utajua sikutaki, na utaendelea na maisha yako. Nilihesabu. Ilikuwa imepita miezi kumi na tisa na siku nne."

"Siku nne nazo ulizihesabu!"

"Ndiyo kazi yangu."

"Karani, tarehe niliiweka ili uje haraka, siyo ili uniache!"

Sauti ilinipanda. Filimbi ikalia kutoka kwenye mivinje, ikafuatiwa na mnong'ono mkali wa Mama Filimbi ambao nadhani ulifika bara. "Na sauti nazo! Wanaogombana wahamie upande wa pili!"

Siku nyingine tungecheka mpaka tuanguke kwenye gogo. Karani aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Mimi nikiandikiwa tarehe, naiamini. Na ulishanikana mara moja, mbele ya kaka yangu. Nikajiambia, nikienda nikakuta ameolewa, itakuwa mara ya pili. Sikuwa na ubavu wa mara ya pili."

"Sikuolewa."

"Sikujua."

"Ungepiga simu."

"Na wewe ungepiga."

Mawimbi yalikuwa madogo. Nikakusanya ujasiri wote niliosafiri nao.

"Kama nisingeandika tarehe," nikamuuliza, "ungekuja?"

Alifungua mdomo. Halafu akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubana, na kwa mkono mwingine akanionyesha mbele. Mchanga ulikuwa unasogea. Kitu kikubwa, kizito, kilikuwa kinajikokota kutoka majini, kinapumzika, kinajikokota tena, na kikipumua unakisikia.

Tulikaa vile muda mrefu, mkono wake ukiwa bado juu ya wangu, mpaka kasa akachagua mahali akaanza kuchimba kwa mapezi ya nyuma. Karani akaniletea mdomo sikioni. "Nisaidie. Wenzangu hawapo. Mimi nitahesabu, wewe andika. Kila kumi, mstari mmoja." Akanipa daftari na penseli.

Akalala kifudifudi nyuma ya kasa, nami nikapiga magoti kando yake. Gizani sikuona karatasi, nilipapasa ukingo wake kwa kidole gumba. Mayai yakaanza kudondoka, mawili, moja, matatu, na yeye akawa anahesabu kwa pumzi tu. Kila alipofika kumi alinigusa goti, nikachora mstari. Ishirini. Thelathini. Nikawaza kwamba haya ndiyo maisha niliyoyaomba kwenye barua ile: yeye anahesabu, mimi naandika, hakuna anayesema neno. Nikatamani kasa yule asimalize.

Alimaliza. Mistari kumi na mmoja na mayai mawili juu yake. Akafukia, akapigapiga mchanga, akageuka akarudi baharini bila haraka. Karani aliketi, akajipangusa viganja kwenye suruali, akachukua daftari mkononi mwangu.

"Ningekuja," alisema. "Ningekuja usiku uleule. Boti isingekuwepo ningeogelea."

Nilimwona mwalimu na magoti yake yaliyobanana, nikamwomba msamaha moyoni, nikamsahau hapohapo.

"Basi tarehe tuifute," nikasema. "Hukuja wewe, nimekuja mimi. Mama nitazungumza naye mwenyewe, safari hii sitaangalia zulia."

"Fundi."

Kuna namna mtu anakuita jina ukajua kwamba baada ya hapo hakuna kitu kizuri.

"Yule mwenzangu niliyempa sindano," alisema, "ndiye mke wangu."

Nakumbuka niliutafuta mchanga kwa kiganja, nikaukamata.

"Mna watoto?"

"Mmoja. Wa kike. Ana mwaka na nusu."

"Amefanana na nani?"

"Anahesabu vidole vyake kutwa. Akifika vitatu anarudia."

Nikacheka. Nakuapia nilicheka, na machozi yakapata sababu ya kutoka.

"Mkeo anajua habari za barua?"

"Alikuwepo nilipoifungua. Aliniambia niende kwako. Wiki nzima aliniambia niende, mpaka akachoka. Mimi ndiye niliyekataa, kwa hasira na kwa hesabu zangu. Kwa hiyo usimchukie yeye."

"Simchukii," nikasema. Nilimchukia kwa kama dakika tatu, halafu nikashindwa. "Unampenda?"

"Ndiyo." Alijibu haraka, bila kutafuta maneno, na hapo ndipo nilipoamini kwamba mambo yameisha. "Nisamehe, Fundi."

"Nikusamehe nini? Wewe ulisoma nilichokiandika."

Niliinuka mwenyewe. Alitaka kunisindikiza, nikamkataza.

Ndani ya hema langu palikuwa na joto la kukosesha hewa. Nilitafuta mfuko wa kuweka simu, nikakuta nimeushona upande wa miguuni, mahali ambapo mtu aliyelala haufikii hata akijinyoosha namna gani. Miaka kumi na miwili watu walikuwa wananunua mahema yale, hakuna aliyerudi kuniambia. Nililala chali nikiurudia ule usiku mwingine wa zamani, sebuleni, baba mdogo akinigeukia na swali lake. Maneno mawili tu yalihitajika. Namtaka, baba. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa, nikayameza, kisha nikaenda kuyaficha ndani ya turubai.

Asubuhi Mama Filimbi alipita akanikuta nafungasha. Akaniangalia macho yaliyovimba, hakunitania. Akaniachia kikombe cha chai juu ya kisiki, akaenda zake.

Karani alikuja kunisaidia kufukua vigingi. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umempa uso wa mtu ambaye naye hakulala.

"Barua iko wapi?" nilimuuliza.

"Iko kwenye kifuko chake. Mke wangu aliirudisha, akashona juu yake. Alisema vitu vya watu havitupwi. Unataka kuichukua?"

Nikaenda kulitazama hema lake kwa ndani, mara moja tu. Mdomo wa kifuko ulikuwa umefungwa kwa mishono ya mkono, mikubwa, imepinda, kama ya mtu anayefunga gunia. Vidole viliniwasha kuifumua na kuishona upya inavyostahili. Niliirudisha mikono mfukoni.

"Iache," nikasema. "Ameshona vizuri."

"Una mtu?" aliniuliza tulipokuwa tunashuka kuelekea kwenye boti, yeye amebeba hema langu begani.

"Kuna mwalimu. Kesho wanakuja kuchukua jibu."

"Ni mtu mzuri?"

"Ananiuliza habari za mgongo wangu."

"Basi, Fundi..."

"Usinishauri, Karani. Nakuomba."

Alinishika mkono kunipandisha kwenye boti, akauachia taratibu, kidole kimoja kimoja. Injini ilipowaka alikuwa bado amesimama ndani ya maji mpaka magotini, daftari kwapani, na mara hii alikuwa ananiangalia.

Katikati ya mkondo simu ikashika mtandao, ikaanza kutetemeka mfululizo. Alikuwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko hai? Kaa hawakukula?"

"Niko hai. Mama, kesho wageni waje. Ila jibu nitalitoa mimi, kwa mdomo wangu. Usinisemee wewe, wala baba mdogo."

"Jibu gani?"

"Hapana."

Nilisikia mkasi unawekwa mezani. Jumamosi karakana inafungwa, lakini yeye huwa yupo.

"Umemkuta yule kijana wa madaftari," mama alisema.

"Nani amekwambia?"

"Mwenye mwavuli ana sauti kubwa, na mimi bado sijawa kiziwi. Ulidhani nilikupa likizo ya kwenda kupumzika?"

Nikageuka upande ili mwendesha boti asinione uso. "Nimemkuta. Ana mke na mtoto."

"Sasa kama ana mke, mwalimu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, mama. Ndiyo maana. Jana ndiyo nimejua kwamba miaka yote hii nilikuwa bado namsubiri yule mwingine. Sitaki mwalimu aoe mtu wa namna hiyo."

Nilimsikia anasogeza turubai pembeni.

"Miaka sita," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulikuwa unamtaka kiasi hicho?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema? Siku ile tulikuuliza."

"Ningesema namtaka, ungefanya nini?"

Sikutegemea kama atalifikiria swali lile, ila alilifikiria. Nilimsikia anavuta kiti, anaketi, anashusha pumzi.

"Ningekasirika," mama alisema. "Wiki mbili, labda tatu. Halafu ningezoea."